Ndege adimu wa Kilifi: tupia ulichoona, wapi na siku gani

Tuktuk_Gede

Shwari wanajamvi.

Kila baada ya siku mbili tatu mtu anatupia picha ya ndege kwenye uzi wa siasa, anauliza "huyu nani?", na kabla hajajibiwa mzozo wa kura umeshaimeza. Basi nimewafungulia nyumba yao wenyewe. Mada ni ndege adimu wa Kaunti ya Kilifi, kuanzia Mtwapa mpaka mashamba ya chumvi ya Gongoni, na bara yake hadi nyuma ya Marafa. Ukiona, andika: nani, wapi, siku gani, saa ngapi, wangapi. Picha si lazima, mradi usitudanganye.

Kwanza tuelewane hilo neno "adimu", maana watu wanachanganya wawili tofauti.

Kuna mgeni aliyepotea. Upepo umemtupa, au kafuata kundi lisilo lake, akaangukia mlango wa mto Sabaki siku mbili, watu wakaja mbio kutoka Nairobi na madarubini shingoni. Kwao huyo wamejaa kama kunguru. Kisha kuna huyu mwingine ambaye hajapotea popote. Kazaliwa hapa, babake kazaliwa hapa, na ukitoka Kilifi ukazunguka dunia nzima humpati. Mfano wake ni mnana wa Clarke. Yuko msitu wa Arabuko-Sokoke na mapori ya Dakatcha ng'ambo ya Sabaki, basi, hana tatu. Wataalamu walimwandika mwaka 1913, na mpaka mwaka 2013 hakuna aliyeweza kukuonyesha kiota chake. Miaka 100! Mimi mgeni aliyepotea simpi uzito sana, atarudi kwao au atakufa, kwao wamebaki wengine. Huyu wa pili ndiye ananikosesha usingizi.

Nimeingiaje mambo haya? Naendesha tuktuk Gede. Wageni wa kuangalia ndege nawafikisha geti la msitu saa kumi na moja na nusu alfajiri, nawasubiri mpaka saa nne. Ukikaa chini ya miti kiasi hicho huku simu haina chaji, utaanza kusikiliza. Mgeni mmoja akaniachia darubini yake ya zamani, kioo cha kushoto kina ukungu. Natazama kwa jicho moja mpaka leo.

Miaka sita, mnana wa Clarke nimemwona mara nne. Mara ya mwisho ilikuwa Agosti, kwenye ile sehemu ya mchanga mweupe yenye miti ya mirihi. Kwanza walipita wale weusi wenye midomo myekundu na nyama nyekundu kuzunguka jicho, kundi zima, wanapiga kelele kama watu wa harusi. Nyuma yao, juu kabisa kwenye majani, vikafuata vitu vidogo vya manjano. Kumi na wawili, labda kumi na watatu. Shingo iliniuma wiki. Wanatafuta wadudu kwenye ndevu za kuvu zinazoning'inia matawini, wakimaliza mti wanaruka wote mara moja. Dakika tatu, wamekwisha.

Haya, zamu yenu.

Dabaso_Kijana

Wa kwanza kujibu! Mida Creek, jana jioni, maji yakijaa. Wala-kaa 214. Nimehesabu mara mbili.

Kwa wasiomjua: ni yule mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu-buluu, mdomo mnene mweusi kama kisu cha kuchunia. Jina "mla-kaa" ni letu sisi wa huku, na kazi yake hiyo. Yeye ndiye ndege wa pwani wa peke yake duniani, katika jamii hizo za vitwitwi na sululu, anayechimba shimo mchangani kama panya na kutaga humo. Yai moja tu, jeupe. Joto la mchanga linamsaidia kulalia.

Lakini hatagi huku. Kwetu anakuja kula.

Mkosoaji254

214? Umehesabu miguu ukagawanya kwa mbili?

Dabaso_Kijana

@Mkosoaji254 njoo Dabaso siku ya bamvua, maji yakijaa kabisa wanabanwa wote kwenye kipande kimoja cha mchanga. Hata wewe utaweza. Siku za maji mafu ndio taabu, wanatawanyika kwenye tope kote.

Nilisahau kitu. Kati yao kulikuwa na watoto wa mwaka huu, wa kijivu. Mtoto ana kimo cha mamake lakini bado anamfuata nyuma, kainamisha kichwa, analia lia. Mama akamvunjia kaa miguu, akampa. Kasafiri naye bahari nzima na bado anamlisha. Mimi mamangu alinikatia huduma nikiwa kidato cha pili.

Mama_Mnarani

Wanangu hamjambo. Mimi sijasoma mambo ya ndege lakini huyo mnana mnaomtafuta miaka 100 yuko kwangu nyuma ya jiko. Wako kama ishirini, wa manjano, wanasuka viota kwenye mnazi, wananichania makuti. Njooni mchukue.

Mkosoaji254

😂😂😂 Uzi umefungwa. Wataalamu wamehangaika karne nzima kumbe yuko nyuma ya jiko.

Tuktuk_Gede

@Mama_Mnarani shikamoo mama. Usimsikilize huyo.

Hao wa kwako ni mnana wa minazi. Dume ni manjano ya kung'aa, kichwani rangi ya chungwa. Ni wazuri, ila wako pwani nzima. Wa Clarke dume ana kichwa cheusi na mgongo mweusi, tumbo la manjano, na mbawani kingo za manjano. Jike ni kijani juu, manjano chini. Na mnazi hana haja nao. Hata huko msituni usikimbilie kusema umemwona, maana kuna mnana mwingine wa msitu, mweusi juu na manjano chini, anafanana naye sana. Angalia bawa: likiwa jeusi tupu, si yeye.

Lakini umefanya nilichoomba, umesema wapi na wangapi. Wengi humu hawajafanya hivyo.

Mama_Mnarani

Marahaba mwanangu. Basi makuti yangu nani atalipa?

Bungale_Mkaa

Nimesoma kimya kimya, nimeona niandike kwa sababu hivyo viota vya 2013 ni huku kwetu Dakatcha.

Watu wa nje wakisikia "msitu" wanadhani ni miti tu. Huku Dakatcha kuna vidimbwi vya msimu. Mvua ikinyesha vizuri, bonde linajaa maji, zinaota ndago na nyasi ndefu za majini, mvua ikikata panakauka unapita na baiskeli. Sasa kumbe yule ndege siku zote alikuwa anashuka kutoka kwenye mirihi anakuja kujenga humo, kwenye nyasi za kidimbwi, kimo cha kiuno cha mtu. Wataalamu walikuwa wanainua shingo juu ya miti. Waliokuja kumwona akijenga walikuwa na vijana wa hapa wa kikundi cha kuhifadhi Dakatcha, wanaojua bonde gani lina maji na lini.

Na si kila mwaka. Mvua ikikosea, hajengi pale. Mwaka mwingine kidimbwi kile kile kina maji na yeye hayupo, kaenda kingine. Kwa hiyo huwezi kuweka ua kwenye bonde moja ukasema umemhifadhi.

Nyinyi wa Gede mna msitu wa serikali, una geti na askari. Dakatcha sehemu kubwa si msitu wa serikali, ni ardhi ya jamii na mashamba ya watu. Miaka ile kuna kampuni ilikuja inataka kulima mibono ya kutengeneza mafuta ya magari, maelfu kwa maelfu ya hekta. Kulikuwa na mvutano, mwishowe haikupita. Siku hizi ni mananasi na makaa. Jina langu mnaliona hapo juu. Nilichoma makaa miaka minane, sijivuni wala sijifichi. Mrihi unatoa mkaa mzuri. Gunia linalipa karo leo, na yule ndege halipi.

Mkosoaji254

Huyu ndiye mtu wa kwanza kusema ukweli kwenye uzi huu. Ndege wanalipa nini?

Dabaso_Kijana

Mimi wamenilipia. Mradi wa karo wa ASSETS ulioanza 2001, unachukua pesa za wageni wanaopita kwenye lile daraja la mbao la mikoko ya Mida, unazigawa kwa wanafunzi wa shule za kando ya msitu na hori. Sekondari nimesoma kwa wala-kaa. Na hapo Gede kuna mradi wa Kipepeo tangu 1993, wakulima wanafuga viwavi, vikishakuwa pupa vinasafirishwa ng'ambo. Hao si ndege najua, lakini bila msitu hawapo.

Ila Bungale hakukosea. Hizo pesa zinaishia upande wetu, karibu na barabara. Marafa kwenda juu haziendi.

MzeeMambrui

Assalaam aleikum.

Mnazungumza habari ya ndege bila kutaja upepo? Sisi tulikuwa tunawajua kwa pepo. Kaskazi ikivuma, kuanzia Novemba, wanakuja wa Ulaya, Arabuni na Urusi: sululu, vitwitwi; na keremkerem wekundu wa Afrika hii hii, kaskazi yetu, wanaolala kwenye mikoko. Kusi ikianza, hao wamekwenda zao, wanakuja wa kusini. Watu wengi wa madarubini huja kaskazi tu kwa sababu bahari imetulia na hoteli zimefunguliwa. Kwa hiyo wa kusi hawana wa kuwahesabu.

Mlango wa Sabaki, upande wetu huu wa Mambrui, Aprili hadi Septemba, kuna kindege anatoka Bukini, yaani Madagaska. Mwanangu kaniambia kitabuni anaitwa pratinkoli wa Madagaska. Akiruka utasema mbayuwayu mkubwa. Akitua utaona ana miguu ya kitwitwi. Rangi ya kahawia, chini ya jicho kachorwa mstari mweupe kama mtu aliyepaka wanja akakosea rangi. Wanakaa mchangani wote wameelekeza nyuso kwenye upepo, kama safu ya swala, kisha wanainuka pamoja kukamata wadudu hewani. Kazi yake ya kutaga ni Bukini, huku anakuja kupisha baridi ya kwao. Na ni Bukini peke yake anakotaga, duniani kote.

Nilipokuwa kijana walikuwa maelfu. Ukitembea na mtumbwi walikuwa wanafunika ukingo. Mwezi wa Juni uliopita nilikwenda na mjukuu wangu, tukakuta 63. Nikamwambia ahesabu tena, akapata 61.

Mto nao si ule. Maji yake mekundu zaidi, udongo wote wa Ukambani na Tsavo unashuka na Galana, ndio Sabaki hii hii huko juu, unakuja kujenga visiwa vya tope hapo mlangoni. Ndege wengine wamefaidika, heroe wanatua siku hizi. Samaki ndio tumekosa.

Tuktuk_Gede

Wa aleikum salaam mzee. Hiyo habari ya pepo nitaibandika juu ya uzi. Kweli kabisa, orodha zangu zote za Juni na Julai ni tupu, si kwa sababu hakuna ndege, ni kwa sababu mimi sina abiria.

Tanga_Raha

Wakuu habari za huko. Jirani zenu tupo. Naona mnajisifia Sokoke, lakini yule bundi mdogo wa Sokoke si wenu peke yenu. Alipatikana kwenu miaka ya 1960, sawa, ila miaka ya 1990 akaonekana na huku kwetu, misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Na chozi wa Amani, jina linajieleza, Amani ni huku Muheza. Nyinyi mnaye kwa mkopo.

Swali: kwenu bundi huyo bado anaonekana kirahisi? Nina wageni wanataka kuvuka Horohoro waje kwenu kwa ajili yake tu. Kama kuna mtu ana alama ya ramani ya mahali anapolala mchana anitumie.

Dabaso_Kijana

Naijua sehemu moja, jozi, tangu mwezi jana. Nakutumia hapa hapa: ukipita

Tuktuk_Gede

@Dabaso_Kijana SIMAMA. Futa. Nimeshamwomba msimamizi akate.

Samahani kwa kupiga kelele. Nieleze.

Bundi wa Sokoke akisimama hafiki urefu wa penseli mpya. Gramu hamsini hivi. Wako wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu, wote jamii moja. Anaishi kwenye ile sehemu ya udongo mwekundu yenye vichaka vizito, mchana analala na mwenzake bega kwa bega, tawi la chini, kimo cha kifua chako. Ukipita mita mbili humwoni, unaona majani makavu mawili. Waongozaji wa chama cha msitu wanaamka saa tisa za usiku kumtafuta, wanamsikia, tuu-tuu-tuu-tuu, mara saba mara nane kwa mfululizo, wanamfuata mpaka anapolala. Ndio ugali wao ule.

Sasa ukianika tawi mtandaoni, siku ya tatu kuna watu kumi na simu zinazocheza mlio wake kwa spika. Nimeona kwa macho. Mtu alicheza sauti dakika ishirini, jike akaondoka kwenye tawi mchana kweupe, kinega wakamvamia. Tawi lile halikulaliwa tena. Yule mwongozaji alikaa wiki mbili bila kazi.

@Tanga_Raha waje. Wapite geti la Gede, wachukue mwongozaji, walipe. Na msituni tembo wamo, si mahali pa kuingia na alama ya ramani.

Tanga_Raha

Mkuu nimekuelewa, nilikosea. Huku Amani tuna tabu hiyo hiyo. Lakini na nyinyi msifanye siri ya kila kitu. Mkificha mno, siku akitaka mtu kukata kipande cha msitu mtasema nini? Mtaonyesha kumbukumbu gani?

Mwalimu_Kauma

Hapo Tanga ana hoja, na jibu lake lipo. Kuna mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, ulianza 2013. Nchi imegawanywa miraba ya kama kilomita tisa kwa tisa. Unaandika ndege wote uliowaona ndani ya mraba, saa mbili angalau, kwa mpangilio uliowaona. Hausemi tawi. Unasema mraba. Bundi analindwa na kumbukumbu inabaki.

Na andikeni hata wa kawaida. Wanafunzi wangu wakija na orodha yenye ndege adimu watano na hakuna kunguru, najua wamenidanganya.

Nami nina ndege wangu wa Gede, wa usiku mmoja. Mwezi wa Juni, miaka kadhaa nyuma, nililala nyumba moja ya wageni karibu na magofu. Walikuwa na taa kubwa nyeupe uani, inawaka usiku kucha, imeelekezwa juu kwenye miti kwa urembo. Asubuhi mfagiaji alikuwa anamzoa ndege kwenye koleo pamoja na majani. Nikamwomba anipe. Alikuwa bado na joto. Barakoa nyeusi usoni, juu yake mstari mpana rangi ya krimu. Mgongo kijani. Nilipofungua bawa nikaona madoa ya buluu ile ya bahari ya Watamu saa sita mchana. Tumbo chini, kuanzia miguuni, jekundu. Mkia mfupi kama umekatwa.

Jina lake pita. Ndege ambaye watu wanakaa magofuni siku tatu kumtafuta kwenye majani makavu, wakiondoka hawajamwona. Anasafiri usiku kutoka kusini, taa zinamchanganya, anajigonga. Nilimwambia mwenye nyumba azime taa ile miezi ya kusi. Akaniuliza wezi je. Nikakosa jibu zuri, nikamwambia aielekeze chini. Sijui kama alifanya. Mimi sikurudi kulala pale.

Mkosoaji254

Mwalimu umeniharibia siku.

Halafu nyie mnaotafuta bundi usiku, wazee hawakuwaambia? Bundi akilia juu ya paa kuna msiba.

MzeeMambrui

Mjukuu wangu, huyo wanayemsema hajawahi kulia juu ya paa la mtu. Nje ya msitu hatoki. Anayelia kwenye paa lako ni babewatoto, na kilichomleta ni panya. Fagia stoo.

Muscat_Mswahili

Salaam kutoka Muscat. Babu yangu alitoka Malindi, mimi nimezaliwa huku, Kiswahili changu mnisamehe.

Huyo mla-kaa wa Dabaso nimeshtuka kumwona. Huku tunaye kwa wingi mno. Kuna mahali panaitwa Barr al Hikman, pwani ya tope tupu, maji yakitoka yanakwenda mbali mpaka huoni. Wako maelfu pale wakati wa baridi. Na visiwa vya pande hizi za Ghuba na Bahari ya Shamu ndiko anakotoboa mashimo yake kutaga, miezi ya joto kali ambayo binadamu hatoki nje.

Kwa hiyo huku si adimu, kwenu ni adimu kidogo, lakini ni yule yule. Wakiondoka Mida nitawapokea.

Dabaso_Kijana

@Muscat_Mswahili nikiwatia salamu kwenye mguu utazisoma?

Na mkiona mwenye pete ya rangi mguuni, andikeni rangi na mguu upi. Shirika la uhifadhi la A Rocha hapa Watamu wamewatia pete ndege wengi wa Mida. Pete moja ikisomwa kwenu inaeleza safari nzima.

Bungale_Mkaa

Nyongeza ya wapitao, kwa kuwa hamkuwataja. Kuna kindege cha vinamasi vya Iraki, shoro wa Basra, rangi ya vumbi, huwezi kumtofautisha na wenzake mpaka umshike. Ananaswa kwenye nyavu za Ngulia, Tsavo Magharibi, ambako ndege wanatiwa pete tangu 1969. Miaka ya 1990 vinamasi vya kwao vilikaushwa na serikali ya Iraki. Nilipoelezwa hayo na watu wa kikundi nilikaa nikafikiri. Mtu anaziba mto Iraki, kichakani Afrika Mashariki kunakuwa kimya.

Ndio maana makaa nimepunguza. Nimesema nimepunguza, sijasema nimeacha. Sasa nina mizinga ya nyuki 14, na nyuki nao wanataka mirihi.

Mama_Mnarani

Wanangu, najua mtanicheka tena lakini nitasema.

Nyuma ya kwangu kuna kichaka, chini ya mwembe majani mengi sijafagia tangu mguu uniume. Leo ni siku ya nne, alfajiri kabla jua halijatoka, kuna ndege anatembea chini. Haruki. Anachakura majani, anasimama, anainamisha kichwa kama anasikiliza, anachakura tena. Si kuku, ni mdogo, mfano wa njiwa mwembamba. Kifua cheupe kina madoa meusi kama mtu aliyemwagikiwa na wino. Nikifungua mlango wa jiko anaingia kichakani.

Ni nani? Na msiseme mnana wa minazi.

Tuktuk_Gede

Mama. Taratibu. Nijibu haya:

Bawani ana mistari miwili myeupe, imekatiza?
Usoni, nyuma ya jicho, kuna alama nyeusi kama mwezi mchanga?
Miguu rangi gani?

Mama_Mnarani

Mistari ipo miwili. Usoni kuna weusi, mwezi sijui, macho yangu ya uzee. Miguu kama ya mtoto mchanga, pinki pinki.

Mwalimu_Kauma

Kusi haijaisha. Majani makavu, kivuli.

@Tuktuk_Gede unafikiri ninachofikiri?

Tuktuk_Gede

Nafikiri, lakini sisemi mpaka nione. Ndege anayeitwa mkesha wa madoa. Yeye huja wakati wa kusi, anapenda Gede na misitu mitakatifu ya kaya, mimi sijawahi kumwona hata mara moja, nimesikia tu wakimtaja. Mama, kesho natoka Gede saa tisa za usiku. Usifagie. Usimwite jirani. Una paka?

Mama_Mnarani

Ninaye. Nitamfungia stoo, amalize na panya wa Mzee Mambrui. Njoo na mkate wa mofa, chai ipo.

Tuktuk_Gede

Taarifa ya leo. Mnarani, nyuma ya jiko la mama. Nilifika saa kumi na moja kasoro. Tulikaa kwenye kibaraza, taa zimezimwa, mama na khanga mabegani. Saa kumi na mbili kasorobo kitu kikasogea majanini. Mmoja. Dakika nne, mita nane hivi. Mistari miwili bawani, mwezi usoni, madoa, yote. Mama alinifinya mkono mpaka una alama.

Darubini niliiweka kwenye jicho bovu kwa wasiwasi, nikapoteza dakika ya kwanza. Nikatoa simu. Picha hii hapa, mnisamehe, mkono ulitetemeka.

Mkosoaji254

Hilo ni jani.

Mama_Mnarani

Jani lina miguu ya pinki?